Zilipendwa au Zipendwazo?

Runinga ikitangaza tamasha la zilipendwa, sikio langu hukwama kwenye -li- kabla gitaa halijalia. Kiambishi hicho kimeshafunga hesabu: zilipendwa, zikaisha. Mbona basi wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, unaitikiwa na ukumbi mzima?

Kenya husema zilizopendwa. Hilo -zo- limenyoosha sarufi, kwa kuwa nyimbo sasa zina urejeshi wake, ila wakati ni uleule uliopita. Tanzania tumeiacha sentensi nzima igeuke nomino, ikapotea mtaani: mchumba aliyeachwa ni zilipendwa, simu ya vibonye nayo zilipendwa. WCB Wasafi walipotoa wimbo wa jina hilo 2017, nani alihitaji kamusi?

Asitokee wa kutuletea zingalipendwa, akidhani ni “zingali zinapendwa”. Hizo ni nyimbo ambazo hazikupata mpenzi hata mmoja!

Mimi napigia debe zipendwazo. Urejeshi huu hauna kiambishi cha wakati; hausemi jana wala leo. Tunao tayari katika mwezi ujao na kila asemaye, kwa hiyo mtangazaji hatajing’ata ulimi.

Tamasha silikatai. Asili yake ni Kiajemi, na ndani yake mna kutembea ukitazama. Wazee wa Dar es Salaam hawakwenda tamasha, walikwenda dansi, na aliyekaa kitini alikuwa anapumzika tu. Sisi wa sebuleni ni watazamaji kwelikweli, jina linatufaa.

Mubashara ndiyo hunichekesha. Mzizi wake wa Kiarabu ni ngozi: kugusana ngozi kwa ngozi, bila kizuizi. Nasi tumeipachika kwenye kitu kinachotufikia kupitia kioo! Hata hivyo naipenda kuliko laivu.

Kuhusu “jazz”, naomba tusisahihishe. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz: wote walipiga rumba na dansi, na wala hawakumdanganya mtu. Hapa kwetu neno lilimaanisha bendi, likatosha.

Kinachoniuma ni mtindo. Kila bendi ilikuwa na wake, wenye jina, na mashabiki waligombana kwa majina hayo. Leo mitindo yote imemwagwa katika kapu moja la zilipendwa. Mtangazaji, kabla ya kusema “karibuni jukwaani”, tutajie: hii Saboso ya Western Jazz, hii Sikinde ya Mlimani Park, hii Msondo.