Lori la transiti na ramani ya simu

Ramani za kawaida za simu hutengenezwa kwa kuzingatia magari madogo. Hazijui uzito wa ekseli, urefu wa kontena wala lakiri ya forodha iliyofungwa mlangoni. Zinatafuta njia ya dakika chache, basi.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mzigo wa transiti hupita njia zilizoidhinishwa tu. Lori lenye lakiri ya kielektroniki likichepuka, maofisa hupata taarifa, na wanaotakiwa kujieleza ni dereva na tajiri wake. Simu haiitwi ofisini. Njia ya mkato inaweza pia kuwa na daraja lenye kibao cha tani 10, wakati sheria ya Jumuiya inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56.

Kwa anayetoka Tunduma kurudi Dar es Salaam, mlima Kitonga kwenye simu ni mstari uliopinda. Vibao ndivyo vinavyomtahadharisha ashuke kwa gia nzito, kabla breki hazijachemka.