Moto wa Shikome na Nyaraka za Mwaka 2002



Wazee wa Usukumani wanaikumbuka shikome, moto wa jioni uliokokwa uani, ambapo wazee na vijana waliota pamoja wakisimuliana hadithi na mambo ya ukoo. Kijana mwenye huzuni hakulazimika kusema neno, kwa maana kunyamaza kwake kulionekana. Nisiisifu kupita kiasi: moto ule ulikuwa wa wanaume, na binti hakuwa na nafasi pale. Hata hivyo, katika kata kama Sapiwi wilayani Bariadi, ambako watu huishi kwa pamba na ng'ombe, shule imechukua sehemu kubwa ya siku ya kijana. Je, ilichukua pia kazi ya kumsikiliza?

Kwa maandishi, ilichukua. Mwaka 1984, katika mkutano wa kitaifa uliofanyika Arusha, ilikubaliwa kwamba ushauri uwe sehemu ya elimu yetu. Mwaka 2002 Wizara ikatoa waraka wa kuanzisha huduma ya ushauri na unasihi shuleni. Lakini mwaka huohuo zilitoka kanuni mbili nyingine. Moja iliruhusu viboko visivyozidi 4, kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Ya pili iliruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili au aliyeingia katika ndoa, nayo ikatumika kuwaondoa wasichana waliopata mimba.

Hebu tumfikirie binti wa kidato cha pili aliyepatwa na balaa hilo. Hali, halali, daftari lake ni tupu. Anaambiwa yupo mwalimu wa unasihi. Akimfungulia moyo, huenda kesho hana shule. Akinyamaza, atachapwa kwa uvivu. Mimi nisingethubutu kumlaumu kwa kunyamaza.

Kuanzia mwaka 2004 shule za kata ziliongezeka upesi kuliko walimu. Aliyepewa unasihi mara nyingi alikuwa mwalimu wa somo tu, asiye na mafunzo ya kazi hiyo wala chumba chenye mlango wa kufunga. Kizuizi kwa wasichana waliojifungua kiliondolewa Novemba 2021.

Kwamba mwalimu wa kawaida anaweza kufundishwa, tuna ushahidi wa hapa nchini. Katika mradi wa miaka ya 2012 hadi 2015, walimu wa sekondari mkoani Arusha walifundishwa kuitambua sonona kwa vijana, kwa mtaala uliotungwa Kanada na kurekebishwa kwanza Malawi. Vijana nao walisikia habari hizo katika kipindi cha redio. Ujuzi wa walimu uliongezeka, na wakaeleza kwamba wanafunzi walianza kuwaendea kwa hiari yao.

Viboko, hata hivyo, havijafutwa. Katika shule nyingi za vijijini, anayeshika fimbo asubuhi mstarini ndiye huyohuyo anayetarajiwa kusikiliza mchana.