Mchango wa Macho

Hapa kwetu Mamba si ajabu kumwona bibi mzee ameketi barazani mchana kutwa, fimbo mkononi, akingoja mjukuu wa kumwongoza. Tukiuliza habari zake twaambiwa, "Ni uzee tu." Lakini mara nyingi ni mtoto wa jicho, maradhi yatiayo ukungu katika lenzi iliyo nyuma ya mboni, na mwenye maradhi hayo aweza kuona tena akipasuliwa. Twataka kueleza jinsi uponyaji huo ulivyopatikana, na jinsi ulivyowafikia maskini, maana hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Hapo kale waganga waliisukuma lenzi yenye ukungu kwa sindano hata ikashuka ndani ya jicho, na macho mengi yaliharibika. Mwaka 1747 tabibu Mfaransa, Jacques Daviel, aliitoa nje kabisa. Mgonjwa aliona, lakini kwa miwani mizito. Tarehe 29 Novemba 1949, mjini London, Harold Ridley alitia jichoni lenzi ya kutengenezwa badala ya ile ya kuzaliwa nayo. Alikuwa amewatazama marubani wa vita walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege, akaona kwamba vipande vile havikuwadhuru.

Basi maarifa yalikuwapo, ila kwa maskini yalikuwa kama tunda juu ya mti mrefu. Na miongoni mwa waliowaombea maskini hao, vipofu wenyewe walikuwa mbele. Mwaka 1925 Helen Keller wa Marekani, kipofu tena kiziwi, aliusihi mkutano wa vyama vya Lions kuwatetea vipofu. Vyama hivyo vimechanga tangu siku ile, na hospitali yao ya macho iliyoko Nairobi ni mojawapo ya matunda yake. John Wilson wa Uingereza, aliyepofuka shuleni akiwa na umri wa miaka 12, alianzisha mwaka 1950 chama kijulikanacho leo kwa jina la Sightsavers. Huko Madurai, Bara Hindi, Dkt. Venkataswamy alifungua hospitali ya Aravind mwaka 1976 kwa vitanda 11. Mwenye nacho alilipa, asiye nacho akapasuliwa bure. Mwaka 1992 wakaanza kutengeneza lenzi wao wenyewe, na bei ikashuka kutoka zaidi ya dola 100 hata karibu dola 10.

Je, bei ikishuka, kazi imekwisha? La. Wataalamu waliochunguza jambo hili huko Kilimanjaro waliona kwamba gharama ya kisu si gharama yote. Iko nauli, kiko chakula cha njiani, na yuko mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Tena wanawake waliopasuliwa walikuwa wachache kuliko wanaume, kwa kuwa mara nyingi fedha ya nyumba haimo mikononi mwao, nao hungoja watoto wao waamue.

Nasi twaijua njia yetu. Mtu wa Mamba aendaye Mpanda hupita Majimoto, Usevya na Kibaoni, kisha huikata mbuga ya Katavi hata Sitalike. Kijana huiona njia hiyo kuwa ndefu. Sembuse bibi asiyeona, asiye na senti!

Wala tusidhani kwamba mchango ni jambo geni katika nchi hii. Adrian Atiman, tabibu na katekista aliyefika Karema mwaka 1889 akawahudumia watu wa huko hata uzeeni, akafariki mwaka 1956, alikuwa mtoto mtumwa. Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha utabibu kisiwani Malta. Kazi yao ilitegemea sadaka za watu wa mbali. Watu wale hawakuiona Karema, wala wagonjwa wa Karema hawakuwajua majina, lakini waliponywa.

Basi wakati wa mavuno ya mpunga, kila nyumba ikitenga kibaba kimoja, twaweza kumlipia bibi mmoja nauli yake na ya mwenzi wake. Na tuanze na yule asiye na mtoto wa kumsemea. Wazee wetu walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.