Bastola ya Bwana, Bunduki ya Askari

Filamu za Marekani zimetuzoesha sherifu mwenye bastola kiunoni. Samuel Colt alipata hataza ya bastola yake ya silinda mwaka 1836, na mwaka 1873 kampuni aliyoiacha ikatoa ile ya risasi sita tunayoiona katika filamu hizo. Bonde la Kilombero, kuanzia Ifakara hadi Mlimba, halikumjua mlinda sheria wa namna hiyo. Bastola ilifika, lakini ilikaa kiunoni mwa mwenye kuamuru. Aliyekanyaga tope alibeba bunduki.

Katika enzi ya Wajerumani amri ilishuka bondeni kutoka boma la Mahenge. Ofisa wao alikuwa na bastola ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1879, au ile fupi ya 1883. Ilikuwa nzito, yenye matundu sita na risasi za milimita 10.6. Kasoro yake kubwa ilikuwa katika kujaza: maganda hayakutoka yenyewe, ilibidi yasukumwe kwa kijiti, moja baada ya jingine. Katika mapigano ya karibu, aliyemaliza sita zake alikuwa kama hana silaha. Askari wake Mwafrika alipewa Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja kwa kila kujaza, na baruti yake ilitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Hata vita vya 1914 vilipoanza, kombania nyingi za askari bado zilikuwa na bunduki hiyo.

Raia naye aliwekewa mpaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa zile za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Kwa hiyo tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipolivamia boma la Mahenge, wengi walikwenda na mikuki, na wenye bunduki walikuwa na magobore. Boma halikuokolewa na bastola ya kamanda wake, Kapteni von Hassel, wala na Mauser za askari peke yake. Waliofyekwa siku ile walifyekwa hasa na bombomu, bunduki ya risasi za mfululizo. Tunapoandika historia ya silaha za bonde hili, tuanze na watu hao kabla ya kusifia ufundi wa chuma.

Wabelgiji waliiteka Mahenge Oktoba 1917, na baada ya vita nchi ikawa ya Waingereza. Polisi wa Tanganyika walianzishwa mwaka 1919. Bastola ya zama hizo ilikuwa Webley ya Birmingham, ya inchi .455. Ukiivunja katikati, maganda yote sita yanaruka nje kwa mkupuo. Kwenye kitako ina pete ya kufungia kamba, ili isipotee. Mwaka 1932 jeshi la Uingereza lilihamia Enfield ya .38, nyepesi zaidi mkononi.

Lakini Kilombero ni nchi ya mafuriko, matete, nyati na tembo. Risasi ya Webley huondoka kwa kasi ya takriban mita 190 kwa sekunde. Ya bunduki ya .303 hupita mita 700. Kwa tembo aliyeingia shambani, bastola ni kelele tu. Ndiyo maana Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, na askari wake, waliolinda mazao na baadaye pori tengefu la Kilombero lililotangazwa mwaka 1952, walitegemea bunduki ndefu. Sheshe, swala wa bonde hili, waliobaki wana deni kwa miguu ya askari hao.

Baada ya Uhuru, Elangwa Shaidi akawa Inspekta Jenerali wa Polisi wa kwanza Mwafrika. Cheo kilichoambatana na bastola kikawa cha mwananchi. Kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kuliko lolote lililotoka viwandani Birmingham.

Habari za makamanda zimehifadhiwa vitabuni. Za askari wa kawaida zimo vichwani mwa wazee. Wewe uliye Mlimba, Mngeta au Ifakara, kama babu yako alivaa kaki ya polisi au ya wanyamapori, keti naye wiki hii, uandike alichobeba, alikotumwa, na aliyoyaona.