Hadubini iliiona lupasi ubongoni kabla ya MRI

Kila Mei 10, Siku ya Lupasi Duniani inapofika, sifa za kuufichua ubongoni ugonjwa huu wa kinga kuushambulia mwili humwagiwa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Mashine inastahili pongezi, lakini si zote.

Moriz Kaposi wa Vienna aliandika tangu 1872 kwamba ugonjwa huu, uliodhaniwa ni wa ngozi tu, huweza kumfanya mgonjwa aweweseke hadi kupoteza fahamu. Baadaye madaktari wengi waliamini kuwa kinga ya mwili huishambulia mishipa ya damu ya ubongo ikavimba.

Mwaka 1968 Wamarekani wawili, Johnson na Richardson, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 24 waliofariki. Chini ya hadubini, mishipa iliyovimba kweli ilikuwa michache. Walichokuta zaidi ni vijishipa vyenye kuta nene au vilivyoziba, na kando yake vipande vya ubongo vilivyokufa kwa kukosa damu, vingine vidogo hata jicho tupu lisivione. Wodini maelezo ya zamani yaliendelea kama vile hakuna aliyesema kitu.

CT, mashine ya picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, iliyompima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, ilizua ugomvi mwingine. Ubongo wa baadhi ya wagonjwa wa lupasi ulionekana umesinyaa. Ni ugonjwa, wakasema hawa. Ni steroidi mnazowapa, wakajibu wale. Kila upande ulikuwa na lake: dawa hizo huweza kuusinyaza ubongo, na zikipunguzwa ubongo hujaa tena kiasi, ila wapo wasiowahi kuzimeza, na ubongo wao umesinyaa vilevile.

Miaka ya 1980 MRI ikaonyesha ubongoni vidoa vyeupe vya milimita chache. London, mwaka 1983, Graham Hughes alieleza kingamwili zinazogandisha damu, na vile vijishipa vilivyoziba vya 1968 vikapata sababu moja ya kueleweka. Tatizo ni kwamba vidoa kama vile vya MRI anavyo pia mzee mwenye shinikizo la damu, hata mtu wa kipandauso.

Vipimo vipya vimefuata, vingi vikiishia kwenye utafiti. Nayo MRI haitoshi: karibu nusu ya wagonjwa ambao lupasi imewagusa ubongo au neva hupata MRI isiyo na kasoro. Mwaka 1999 wataalamu wa baridi yabisi wa Marekani waliorodhesha hali 19 za lupasi inayogusa ubongo au neva, zikiwamo sonona na wasiwasi ambazo daktari huzijua kwa kumsikiliza mgonjwa. Hata hivyo bado yupo anayechangiwa na ndugu fedha za kipimo, akaambiwa picha ni safi, akarudishwa nyumbani eti haumwi.