Jina la Mashine: Mkasa wa Toshiba na Sheria za Kuuza Nje
Mwaka 1949 Marekani na wenzake waliunda COCOM, kamati iliyokaa Paris, ili mitambo yenye ufundi wa pekee isifike katika Muungano wa Sovieti na nchi zilizofungamana nao. Kamati hiyo ilikuwa na orodha. Kila serikali mwanachama ilitoa ruhusa kwa kufuata maandishi ya muuzaji: ni kitu gani, nani akinunua, na kwa kazi gani.

Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika katika mkasa wa Toshiba Machine, kampuni tanzu ya Toshiba ya Japani. Kati ya miaka 1982 na 1984 ilipeleka Leningrad mashine za kuchongea rafadha za meli, na Kongsberg ya Norway ikatoa kompyuta za kuziongoza. Mashine nne za kwanza zilikuwa za mihimili tisa, nazo zilikatazwa. Walakini katika hati ziliitwa mashine za mihimili miwili, ambazo ziliruhusiwa.

Mwaka 1987 siri ikatangaa. Marekani ilidai kwamba mashine hizo zilipunguza mvumo wa nyambizi za Kisovieti. Wengine wakajibu kwamba mvumo huo ulikwisha anza kupungua kabla yake. Wakuu wawili wa Toshiba wakajiuzulu.

COCOM ilivunjwa mwaka 1994, na Mapatano ya Wassenaar yakafuata mwaka 1996. Orodha zingalipo, nazo zategemea jambo lile lile: kwamba jina lililoandikwa katika hati ndilo la kitu kilichomo sandukuni.