Jina Moja, Maradhi Mbalimbali

Msomaji, pumu ni maradhi ya tangu kale, na dalili zake hazina siri: kifua hubana, pumzi hulia kama filimbi, na mgonjwa hukesha ameketi akitafuta hewa. Kwa kuwa dalili ni zile zile, matabibu walidhani kwa muda mrefu kuwa ugonjwa nao ni ule ule. Dhana hiyo ilikaribia kuwanyima wagonjwa wengi dawa iliyowafaa.

Mwaka 1956 yalitolewa huko Uingereza matokeo ya majaribio ya kotisoni kwa watu wenye pumu sugu. Wagonjwa wote walipotiwa katika hesabu moja, faida ya dawa ilionekana kuwa ndogo. Lakini katika mji wa Derby alikuwako daktari wa vifua, Harry Morrow Brown, aliyechungua makohozi ya wagonjwa wake kwa hadubini. Mwaka 1958 aliandika kuwa wale ambao makohozi yao yalikuwa na eosinofili, yaani aina ya chembe nyeupe za damu, walipata nafuu kubwa kwa predinisoloni, dawa iliyo ndugu ya kotisoni. Wasiokuwa nazo hawakunufaika.

Yapata miaka hamsini baadaye, Prescott Woodruff na wenzake wa San Francisco, Marekani, walilichungua jambo hilo kwa njia mpya. Yakupasa kujua kuwa jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya chembe za mwili, wala chembe haiyasomi yote kwa wakati mmoja. Wataalamu hao walikwangua chembe kutoka njia za hewa za watu 42 wenye pumu isiyo kali, wakapima ni maagizo gani yanayosomwa kwa wingi. Mwaka 2009 walitangaza kuwa wagonjwa hao waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kundi moja lilikuwa na jeni tatu zilizofanya kazi kupita kiasi, na eosinofili nyingi pia. Hao ndio ambao mapafu yao yaliongezeka nguvu kwa dawa ya kuvuta ya jamii ya kotisoni. Kundi la pili halikupata faida hiyo.

Leo madaktari, badala ya kupima jeni, kwa kawaida huhesabu eosinofili katika damu, maana ni kazi nyepesi zaidi. Ndivyo wanavyowachagua wenye pumu kali wanaostahili dawa kama mepolizumabu. Wahenga walinena: nyumba usiyolala ndani yake, hujui ila yake. Kifua nacho ni vivyo hivyo. Filimbi isikikayo nje ni moja, lakini yaliyomo ndani hayafanani, na dawa huyafuata ya ndani.